Sifongo ni Mnyama, si Mmea

Kutoka Kipevu, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, maji ya Kilindini huingia ndani ya hori ya Port Reitz, penye mikoko. Katika maji kama hayo huishi sifongo, ameshikamana na jiwe, nguzo au mzizi wa mkoko. Wengi humdhania mmea. Kumbe ni mnyama asiye na kinywa, tumbo wala moyo. Maji huingia mwilini mwake kwa vitundu vidogo, chakula hunaswa, kisha maji hutoka kwa tundu kubwa. Ndiyo maana wataalamu huiita jamii yake Porifera, yaani wenye vitundu.

Jamii hiyo hugawanywa kwa kiunzi cha mwili: wako wenye chokaa, wenye vijiti vya namna ya kioo, na wenye nyuzi laini. Hao wa nyuzi ndio wa kuogea. Huko Jambiani, Unguja, wanawake huwafuga baharini kwa kamba.

Sifongo hawezi kukimbia. Tope au mafuta yakiziba vitundu vyake, hukosa chakula na pumzi. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika Kipevu, yakaidhuru mikoko ya Port Reitz. Basi amwagaye mafuta machafu ufukoni na akumbuke viumbe wasioweza kuhama.