Jinsi ya Kutoa Maoni Kuhusu Riwaya Uliyosoma

Wengi wetu tulifundishwa kusoma riwaya kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, mandhari, tamathali za usemi. Ndiyo maana mtu akiulizwa kuhusu riwaya aliyoimaliza juzi, ama hujibu kwamba ni nzuri na ina mafunzo, ama husimulia kisa chote mpaka mwisho. Anayetaka kujua kama aitafute riwaya hiyo hapati msaada wowote. Fanya hivi:

Soma na kalamu mkononi. Andika namba ya ukurasa uliokusisimua, uliokuchosha au uliokukera, pamoja na sababu. Ukisubiri hadi umalize, kitabaki kisa tu kichwani.

Fupisha kisa. Sentensi moja au mbili zinatosha. Chukua *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah: Yusuf, mvulana wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz, anayemdhania ndugu, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Ishia hapo. Mwisho mwachie msomaji.

Toa ushahidi. Kusema mwandishi ana ufundi hakutoshi, onyesha wapi. Yusuf haelezwi habari za rehani na baba yake. Anazipata dukani kwa Aziz, kutoka kwa Khalil, kijana ambaye naye yuko pale kwa deni la mzazi wake. Tunaujua ukweli pamoja na mtoto, na uchungu wake unatupata pamoja naye. Hayo ndiyo maoni.

Tenganisha mhusika na riwaya. Katika *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, ukimchukia Bwana Raza kwa kumwoa Yasmin, binti mdogo kwake kwa miaka mingi, mwandishi amefaulu. Kasoro ni pale mhusika anapogeuka ghafla bila sababu, au anapohutubia badala ya kuzungumza.

Mtaje mfasiri. Gurnah aliitoa *Peponi* kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili ya mwaka 2022 ni kazi ya Ida Hadjivayanis. Lugha ikikupendeza au ikikukwaza, sema.

Toa hukumu. Nani aisome, na kwa nini? Kama sura za katikati zinasuasua, usifiche kwa sababu mwandishi ni mtu wa kwetu. Sifa za adabu hazimkuzi mwandishi wala hazimfai mnunuzi. Riwaya ya Kiswahili inahitaji wasomaji wanaoipenda kiasi cha kuiambia ukweli. Kuwa mmoja wao.