SOMO LA WAZAZI: DARASA LA KUULIZA NA KUTENDA



Baadhi yetu hapa Gisenyi twalalamika kwamba watoto wa shule ya msingi wanarudi na kokoto na vizibo vya chupa mfukoni. Twauliza: huo ni mchezo au masomo? Ni masomo. Tangu mwaka 2016 shule za Rwanda zilianza kufuata mtaala unaomtaka mwanafunzi atende, asikariri tu.

Tuchukue mfano wa mizani. Sisi wachuma chai twaujua uzito wa kapu kwa mgongo, lakini malipo hufuata namba ya mizani. Mtoto aliyekariri kwamba kilo 1 ni gramu 1,000 atajibu mtihani. Mtoto aliyetengeneza mizani kwa kijiti, kamba na makopo mawili ataona inalala upande mmoja kabla ya kutiwa kitu, naye atauliza kwa nini. Huyo akikua hapunjwi.

Mfano wa pili ni maji. Baada ya mvua mwalimu achote maji ya mto Sebeya katika chupa inayoonyesha ndani, aiweke itulie. Watoto waseme kwanza wanadhani itakuwaje, kisha watazame udongo ukishuka. Umetoka wapi? Umetoka kwenye vilima visivyo na miti wala matuta. Mwezi Mei 2023 Sebeya ulifurika, na mafuriko na maporomoko ya siku hizo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Basi swali la chupa ni swali la uhai.

Darasa hili halidai fedha nyingi. Ladai vitu vya kushika, swali kabla ya jibu, na mwalimu asiyemkemea aliyekosea. Watoto wakiwa wengi, wagawanywe vikundi vya watano watano, kila mmoja na kazi yake.

Wajibu wetu ni huu: tukusanye makopo, vizibo na kamba, tuvioshe, tugonge kingo kali, tuvipeleke kwa kamati ya wazazi. Jioni tusiulize tu, "Umepata ngapi?" Tuulize pia, "Umeuliza nini leo?"

Maswali ya kujadili tawini:
1. Kazini kwetu kuna mabaki gani yanayofaa darasani?
2. Nani atazungumza na mwalimu mkuu, na lini?
3. Mtoto akituuliza tusilolijua, tutamnyamazisha au tutatafuta naye?