Somo la Afya ya Jamii: Jeraha la Utotoni Hudumu Mwilini

Mwaka 1998, utafiti uliohusisha watu wazima zaidi ya 9,000 nchini Marekani ulibaini kuwa walioteswa sana utotoni walikabiliwa zaidi na sonona, ulevi, maradhi ya moyo na ya mapafu. Mtoto aishiye kwa hofu, mwili wake haupumziki. Akikua, wengi wa aina yake hutafuta nafuu katika pombe na tumbaku.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya umri wa miaka 18. Ni takriban msichana 1 tu kati ya 5 miongoni mwao aliyetafuta huduma. Kwa kaya maskini iliyo mbali na barabara, nauli pekee yaweza kuwa kikwazo.

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii kutoa taarifa. Mkazi wa Kilosa au Mikumi amwone mtendaji wa kijiji au kata, ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, ama apige simu 116 bila malipo. Mtoto aliyebakwa afikishwe kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU.