Vitambaa vya Viti na Amani ya Nyumbani

Msomaji wa Kiganjo, Thika, usingoje utajiri ndipo upambe chumba chako cha kupanga. Nunua sweta la mtumba. Chagua lililofumwa, si lililokatwa kwa makasi, maana uzi wake hutoka vipande vipande. Lifumue, ufue uzi, uuanike ukivutwa na kitu kizito ili unyooke, kisha ufume vitambaa vya viti.

Mama, usimfiche mumeo bei. Ugomvi huanza pale kitambaa kinapoonekana na pesa za sukari hazionekani. Baba, usimcheke mkeo. Mshikie uzi anapouviringisha. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliifananisha familia na Kanisa la nyumbani. Kanisa hilo hupambwa kwanza kwa heshima.