Utando wa kijani shambani: setilaiti inauona?

Swali: Mvua zikianza, ardhi nje ya Mazwi, huku Ufipa, hufanya utando wa kijani kibichi. Je, setilaiti huutambua?

Jibu: Kwa Ufipa, ni kwa tabu. Kama ni sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea), utando huo ukikauka hufanana na udongo mtupu. Ukilowa hugeuka kijani upesi, lakini ndio wakati mawingu yametanda. Nyasi nazo ni kijani, na kipande kidogo kabisa ambacho setilaiti ya Sentinel-2 hupambanua ni mita 10 kwa 10. Katika jangwa la Negev, ambako mimea ni haba, mtafiti Karnieli alipendekeza mwaka 1997 kulinganisha mwanga mwekundu na wa buluu ili kuutambua utando kama huu. Huku Ufipa, kwenye ntumba, yaani matuta ya udongo yanayofukia nyasi, jembe linapopindua nyasi utando haudumu. Mwagia maji sehemu iliyokauka, utazame mwenyewe. Ni rahisi kuliko setilaiti.