Mafunzo Niliyoyapata Nikiwa na Kipyenga

Mwisho wa wiki huwa nachezesha mpira wa mchangani hapa Tanga: ndondo za vijana na ligi za mitaa ambazo bingwa hupewa mbuzi au seti ya jezi. Siku nyingine niko sokoni nauza nafaka. Mengi ninayoyashika katika kuishi na watu nimeyaokota uwanjani, na ninayoyaamini zaidi ni haya.

1. Kushinda ndiko kunakohitaji malezi

Kila mtoto huambiwa: ukifungwa, kubali. Ni neno zuri, lakini aliyefungwa hana namna nyingine. Mwenye hiari ni aliyeshinda. Yeye ndiye anayeweza kumwendea kipa aliyekaa chini amejifunika uso kwa jezi, akamnyanyua, au akamchezea mbele ya macho yake. Ugomvi mwingi niliouamua viwanjani haukuanzishwa na bao. Ulianzishwa na dhihaka iliyofuata bao.

Mtaani ni vivyo hivyo. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba hii inapiga vigelegele na ile ya pili imefunga mlango mchana kweupe. Mzazi aliyebahatika na ashangilie, ni haki yake. Ila jioni avuke uchochoro akakae na mwenzake, na asianze mazungumzo kwa kutaja daraja la mwanawe.

2. Mpira uliotolewa kwa ajili ya majeruhi hurudishwa

Soka ina sheria 17, na hakuna hata moja inayomlazimisha mchezaji kurudisha mpira ambao wapinzani waliutoa nje ili majeruhi atibiwe. Ni ada tu. Nguvu yake yote iko katika watu kuiheshimu.

Tarehe 13 Februari 1999 Arsenal walikutana na Sheffield United kwenye Kombe la FA. Mchezaji wa Sheffield aliumia, kipa wao akaupiga mpira nje. Ray Parlour wa Arsenal akaurusha ili uwarudie wenyewe. Nwankwo Kanu, Mnigeria aliyekuwa akiichezea Arsenal kwa mara ya kwanza, akaudaka njiani kwa mguu, akampa Marc Overmars, bao. Refa hakuwa na la kufanya ila kulikubali, nami ningelikubali. Arsenal wakashinda 2–1. Baada ya mchezo kocha wao, Arsène Wenger, akajitolea mechi irudiwe. Siku kumi baadaye ikarudiwa, na Arsenal wakashinda tena 2–1.

Nimewahi kubishana na vijana wanaoona ile ilikuwa kazi bure, kwa kuwa matokeo hayakubadilika. Mimi nakataa. Ushindi wa pili waliweza kuusimulia bila kuinamisha macho, na Sheffield walitolewa na mpira, hawakutolewa na hila.

Sokoni, jirani wa meza yangu akifiwa, wateja wake huja kwangu. Ninawauzia, kwa sababu unga wanauhitaji leo. Lakini kila mmoja namwambia kwamba mama yuko msibani, anarudi Jumatatu, na meza yake iko palepale. Hakuna kanuni ya soko inayonitaka niseme hivyo. Kuna siku nitafiwa mimi, na hata kama nisingefiwa kamwe, wateja wale ni wa kwake.

3. Sema kabla hujaulizwa

Siku moja mpira ulitoka nje ya mstari wa goli, nikaashiria uanzishwe na kipa. Beki wa kushoto wa timu yenyewe iliyofaidika akanyoosha mkono: "Refa, umenigusa mimi. Ni kona." Wenzake walimzomea. Nikatoa kona. Ile kona haikuzaa kitu, lakini mpaka dakika ya mwisho, kila nilipomtazama yule kijana, nilijua neno lake linabeba uzito. Uaminifu wa namna hiyo haununuliki kwa mbuzi.

Desemba 2012, kule Burlada, Hispania, Mkenya Abel Mutai alikuwa akiongoza mbio za nyika. Miezi michache nyuma alikuwa ametoka London na medali ya shaba ya Olimpiki katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mita chache kabla ya kumaliza akasimama, akidhani ameshavuka mstari. Iván Fernández Anaya aliyekuwa wa pili angeweza kumpita. Badala yake alibaki nyuma yake akimwonyesha kwa mkono aendelee. Alieleza baadaye kwamba ushindi ulikuwa wa Mutai, na asingeweza kumfikia kama Mutai asingesimama. Kocha wake mwenyewe, Martín Fiz, alisema wazi kuwa yeye angeitumia nafasi ile. Hilo ndilo linalofanya kitendo kile kiwe kikubwa machoni pangu: kijana alitenda jema ambalo hata mwalimu wake hakulidai.

Kwetu jaribio hili huja kwa simu. Pesa ya mtu imekosewa namba, imeingia kwako usiku. Usingoje apige akilia. Piga wewe.

4. Anayezungumza na refa ni nahodha

Wachezaji wanane wakinizunguka, sisikii hata mmoja. Kwenye Euro ya 2024 UEFA walielekeza kwamba nahodha peke yake ndiye amwendee mwamuzi kudai ufafanuzi. Huku mchangani nilikuwa nimeshalizoea kwa kuchoshwa na kelele. Nahodha anayeuliza kwa utulivu humpa refa nafasi ya kujisahihisha bila kuaibika. Ukoo wenye malalamiko hospitalini nao na umtume mmoja, anayejua kuuliza.

5. Watoto husikiliza walio pembeni

Hili ndilo linaloniuma. Mtoto wa miaka kumi na mbili hajiangushi kwenye boksi kwa akili yake. Amemwona mtu mzima akimpigia makofi anayejiangusha. Baba anaponitukana kutoka kwenye mstari, mwanawe aliye uwanjani huniangalia usoni aone nitafanya nini, kisha humwangalia baba.

Kwa sababu hiyo, kwenye mechi za watoto nimeanza kuzungumza na wazazi kabla sijapuliza kipyenga. Nawaomba mambo mawili: wasinijibu mimi kupitia watoto, na wapige makofi mtoto wa timu nyingine anapofanya vizuri. La kwanza wengi wanalishika hadi mapumziko. La pili bado ni gumu. Akina mama ndio walioanza, upande wa mnazi ulioanguka, wakimshangilia kipa mdogo wa wapinzani aliyeokoa penalti. Baadhi ya akina baba waligeuka kuwatazama, na mmoja wao akaungana nao.