Shukrani na Makaburi: Majira ya Vuli Katika Vijiji vya Bavaria



Tarehe 2 Novemba mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa ruhusa, wilayani Mbinga. Baada ya Misa ya kigangoni tulikwenda makaburini: katekista, akina mama wazee wanne wenye majembe, mimi, na watoto waliotufuata kwa udadisi. Nilitaka kuwasha mshumaa kwenye kaburi la babu mzaa baba. Sikuliona. Msalaba wa mti ulikwisha kuliwa na mchwa na tuta lilikuwa limesawazika. Mama mmoja akaniona ninazunguka, akasema, "Frateri, washa hapo tu katikati. Mungu anajua alipo." Nikawasha hapo katikati.

Lilikuwa jibu la imani safi, lakini limenisumbua kwa miezi. Kama Mungu anajua alipo, mimi nilikuwa natafuta nini?

Katika makala hii ninajaribu kulichunguza swali hilo kwa kutazama mahali pa mbali, yaani vijiji vidogo vya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba. Nina sababu mbili za kuchagua huko. Kwanza, Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia waliofungua Peramiho mwaka 1898 walitoka katika abasia iliyoko Bavaria, na mengi tunayoyaona parokiani kwetu kuwa ni "desturi ya Kanisa" yalikwisha kupita katika vijiji vya namna hiyo kabla ya kufika kwetu. Pili, padri mmoja tunayemfahamu anafanya utume huko sasa, na alipokuja likizo alitusimulia kwa kirefu.

Neno lenyewe linahitaji angalizo. Wafasiri huita majira hayo "vuli", lakini vuli yetu ni mvua za mwisho wa mwaka, na sisi wa Ruvuma hata hiyo hatuna. Tuna msimu mmoja tu wa mvua. Vuli ya Ulaya ni kinyume chake: majani yanapukutika, mashamba yanabaki matupu, jua linakufa mapema. Mwanzoni mwa Novemba huko Bavaria jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Sisi tarehe hizo hizo tunaandaa mashamba na kungojea mvua, na maembe yanaanza kuiva. Kanisa moja, tarehe moja, lakini wao wanawaombea marehemu wakati ardhi inalala, sisi wakati ardhi inaamka. Nashangaa kwamba jambo hili halitajwi katika mahubiri yetu.

Kushukuru ni nini?

Katikati ya Septemba ng'ombe waliokaa milimani majira yote ya joto huteremshwa vijijini. Kama kiangazi kimepita salama, hupambwa vichwani kwa taji za matawi na maua, na kijiji kizima hutoka kuwatazama. Lakini kama mnyama amekufa kwa ajali huko juu, au kuna msiba katika familia ya mfugaji, hawapambwi. Wanateremka hivyo hivyo.

Nadhani desturi hii ndogo ina falsafa nyingi kuliko inavyoonekana. Furaha yao haipangwi na kalenda peke yake. Inajibu jambo lililotokea kweli. Anayeshukuru anakiri kwamba mambo yangeweza kwenda vingine.

Kisha inakuja Jumapili ya mavuno, kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Mbele ya altare hupangwa viazi, maboga, matufaha, kabichi na mikate, na juu yake taji kubwa lililosukwa kwa masuke ya nafaka. Baada ya Misa vyakula hivyo mara nyingi hupelekwa kwa wahitaji. Sisi tunaijua sherehe ya namna hii, ingawa kwetu huishia kwenye mnada wa kuku na ndizi, na sina hakika kwamba mnada wetu una dhambi yoyote.

Aristotle aliliona jambo hili kabla ya Ukristo. Katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako anasema kwamba sadaka na mikusanyiko ya kale yaelekea ilifanyika baada ya kuvuna, kama malimbuko, kwa sababu huo ndio wakati watu walipokuwa na nafasi zaidi. Lakini je, nafasi inatosha kufanya sikukuu? Mwanafalsafa Mkatoliki wa Ujerumani, Josef Pieper (1904–1997), katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu nadharia ya sikukuu, anajibu kwamba haitoshi. Kwake, kusherehekea ni kuukubali ulimwengu kuwa ni mwema, na kuukubali kwa namna ya pekee katika siku hii. Kukubali huko kunafikia kilele katika kumsifu Muumba. Ukiiondoa ibada, anasema, sikukuu haibaki tupu kwa muda mrefu. Kitu kingine kinaingia.

Pieper hakuwa anabuni. Kati ya mwaka 1933 na 1937 Wanazi walifanya sikukuu ya mavuno ya taifa katika kilima cha Bückeberg, karibu na mji wa Hameln, kaskazini mwa nchi. Watu kwa mamia ya maelfu walikusanywa. Hitler alipanda kilima akipita katikati yao, na yakafuata maonesho ya kijeshi. Mazao yalikuwepo, nyimbo zilikuwepo, taji la nafaka lilikuwepo. Aliyeshukuriwa alikuwa mwingine. Tofauti kati ya taji lile na lile la kanisa la kijijini huwezi kuiona kwa macho, kwa kuwa imo katika yule anayeelekezewa neno "asante".

Jumapili ya tatu ya Oktoba ni kumbukumbu ya kutabaruku kanisa. Zamani kila kijiji kilikuwa na tarehe yake, na watu walikwenda kula sikukuu za jirani pia, hata serikali ikalalamikia siku za kazi zinazopotea. Mwaka 1866 ikawekwa tarehe moja kwa wote. Vijiji vingine vikaendelea na zote mbili. Kwenye mnara huning'inizwa bendera nyekundu yenye msalaba mweupe, nayo huitwa Zakayo, kwa sababu Injili ya siku hiyo ni ile ya mtu mfupi aliyepanda mkuyu. Watu hula bata bukini na maandazi.

Siku ya makaburi

Mwanzoni mwa Novemba sauti inabadilika. Sherehe ya Watakatifu Wote ni sikukuu ya serikali huko Bavaria, na sheria inaiweka kati ya "siku za utulivu" ambazo muziki wa dansi hauruhusiwi. Siku kadhaa kabla, familia husafisha makaburi, hufunika udongo kwa matawi ya misonobari na kuweka maua na taa za mshumaa ndani ya vikombe vyekundu. Mchana, yapata saa nane, watu hukusanyika makaburini. Kila familia husimama kando ya kaburi lake. Padri hupita kati ya safu akinyunyiza maji ya baraka, na bendi ya kijiji hupiga polepole. Jua likizama, uwanja wote unawaka mekundu madogo madogo.

Padri wetu anasema siku hiyo ndiyo anayowaona watu ambao hawaoni mwaka mzima. Wanarudi kutoka mijini, wengine hawasali tena, wanasimama kimya kwenye kaburi la mama. Yeye ana vijiji kadhaa, kwa hiyo anabariki makaburi ya kijiji kimoja mapema na cha pili baadaye, na kwingine huongoza shemasi au mlei. "Nafika natweta," alituambia, "nao wamesimama kama wanajeshi." Mapadri wengi kutoka India na Afrika wako katika hali hiyo hiyo huko.

Jambo lililotushtua lilikuwa lingine. Huko eneo la kaburi hulipiwa kwa kipindi, mara nyingi miaka 10 hadi 30 kulingana na kanuni za mahali. Muda ukiisha na hakuna anayelipa tena, jiwe huondolewa na mahali pale hupewa mwingine. Darasani tulicheka, kisha tukanyamaza. Mchwa wa Mbinga walifanya kazi hiyo hiyo bila ankara.

Hapa ndipo swali langu linaporudi. Mwaka 421 hivi, Askofu Paulino wa Nola alimwuliza Mtakatifu Augustino: je, marehemu anafaidika kwa kuzikwa karibu na kaburi la shahidi? Mama mmoja alikuwa ameomba mwanawe azikwe hivyo. Augustino alijibu kwa kijitabu juu ya kuwatunza wafu. Mazishi mazuri, anasema, ni faraja ya walio hai kuliko msaada kwa waliokufa. Kinachowasaidia ni sala, sadaka ya altare na matendo ya huruma. Mpaka hapo yule mama wa kigangoni ameshinda. Lakini Augustino haishii hapo. Mama anapokumbuka mahali mwanawe alipolazwa, moyo wake unaamshwa kumwombea, na sala hiyo ndiyo inayofaa. Hata neno la Kilatini la kaburi la kumbukumbu, anaeleza, limetokana na kuionya akili. Kwa hiyo mahali hapamsaidii marehemu moja kwa moja. Panamsaidia kwa kupitia mimi, nisisahau.

Profesa John Mbiti, mchungaji wa Kianglikana kutoka Kenya aliyehudumu pia usharika wa Burgdorf, Uswisi, alitumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, kueleza jambo la karibu na hili. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na waliomjua bado yumo ndani ya Sasa. Akifa wa mwisho aliyemjua, anazama katika Zamani. Wengi wamempinga Mbiti kuhusu wakati, na nadhani katika mengine wana haki. Mkristo hawezi kukubali kwamba kuwapo kwa babu yangu kunategemea kumbukumbu yangu. Lakini kama maelezo ya tunavyosahau, Mbiti yuko karibu sana na ile ankara ya makaburi.

Mambo mengine ya Novemba nayataja kwa haraka. Tarehe 11 watoto huandamana na taa za karatasi nyuma ya mtu aliyepanda farasi, kumkumbuka Mtakatifu Martino aliyegawa joho lake. Zamani hiyo ilikuwa pia siku ya kulipa kodi za mashamba. Jumapili mbili kabla ya Majilio zimamoto na wanakijiji husimama mbele ya mnara wenye majina ya waliokufa katika vita mbili, ambapo ukoo mmoja huonekana mara tatu au nne. Wanazi waliibadilisha siku hiyo ya maombolezo kuwa siku ya mashujaa. Tangu mwaka 1952 inaadhimishwa Novemba kama maombolezo tena.

Niliporudi kutoka likizo nilimwomba paroko wetu ruhusa ya kutazama kitabu cha marehemu cha parokia, ambacho wamisionari walianza kukitunza tangu mwanzo. Babu yumo: jina, kigango, tarehe, jina la padri aliyezika. Mahali pa kaburi hapakuandikwa. Nilimpigia simu baba mdogo, akadhani nataka fedha za saruji. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema anakumbuka walisimama upande wa juu, karibu na mti ambao sasa umekatwa, na kwamba kisiki huenda bado kipo. Novemba hii tutakwenda pamoja, yeye, mimi na binamu zangu wawili, tukiwa na majembe.